Geti Alilolifunga Vedasto

Vedasto wa Ipuli alirudi kutoka kulinda amani nchi jirani akiwa mzima: mikono miwili, miguu miwili, na medali juu. Kwa mujibu wa wataalamu wa mtaa wetu, mtu wa namna hiyo hana ugonjwa. Ana kiburi.

Alikuwa halali ndani. Aling'oa geti la nyumba yake akaliegemeza ukutani, mbuzi wa mtaa wakawa wanaingia kula maua ya mkewe, Pelagia. Ukimwita shujaa, anaondoka. Ukimpa pole, anakutukana. Basi tukamtibu. Jirani mmoja alimletea asali mbichi kutoka misitu ya Ipole, kana kwamba dhamiri ni kikohozi. Wengine walimshauri aongeze mtoto. Wenye semina walimwita hotelini, wakamwonyesha picha ya ubongo ukutani, wakampa soda na cheti cha kuhudhuria. Akapona kabisa, kwenye ripoti yao.

Mama yake Vedasto alipofariki, Pelagia alimwambia mbele yangu, mimi jirani nisiyejua kuondoka watu wakizungumza: "Baba Kabula, sikudai dawa. Niambie tu kilichokupata huko. Matanga yakiisha hujasema, mimi na watoto tunarudi kwetu Sikonge."

Vedasto akatoka nje kufukuza mbuzi.

Siku ya mwisho ya matanga alikuja Chilongani, Mgogo muuza vitunguu. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokatiza Ugogo na mizigo mabegani, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Kumkasirikia ni aibu kubwa kuliko kuiba sadaka. Alijifunga kanga ya marehemu, akajilaza pale geti lilipokuwa, akapiga kelele: "Mwanajeshi gani hana geti? Njoo ufunge, afande, njaa ya Wagogo isiingie!"

Watu wakacheka. Vedasto akasimama, amekunja ngumi. Nikayaombea meno ya Chilongani. Lakini mtani hapigwi, wala hakimbiwi, anajibiwa.

"Nililifunga," alisema Vedasto. "Wanakijiji walikimbilia kambini kwetu, waasi wako nyuma yao. Amri ilikuwa tusifungue. Mama mmoja alikuwa anagonga, ananiita mwanangu. Sikufungua. Asubuhi tulimkuta palepale."

Kicheko kilikatika. Chilongani aliketi vumbini akaanza kulia, jambo ambalo mtani hatakiwi kulifanya kwenye msiba wa watani zake.

"Mlimlilia?" aliuliza.

"Tulipewa medali."

"Basi matanga haya ni ya mama wawili," Mgogo akatangaza, na msibani neno la mtani halipingwi.

Pelagia alikuja akakaa chini kando ya mumewe, akaishika ngumi ile mpaka ikalegea. Katekista Adriano, ambaye miaka yote alimhubiria Vedasto uvumilivu, alifungua kitabu cha sala akauliza huyo marehemu wa pili tumwombee kwa jina gani. Nikasema moyoni, swali gani hilo la kipuuzi, atalijulia wapi?

"Nsimire," alisema Vedasto. "Alinitajia ili nifungue."