Kwa Mama Miche, anayeanza hauziwi nyanya

Saa moja na nusu asubuhi, duka la vifaa vya ujenzi bado limefungwa, na mama mmoja ameinama chini ya ukuta wake na kopo lililotobolewa matundu. Anainyunyizia maji miche ya mchicha taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Simu yake iko kwenye mfuko wa aproni, ndani ya nailoni isilowe. Kila akimaliza safu moja, anaigusa.

Ukipita hapo usimwite jina lake, hatageuka. Mtaa mzima unamwita Mama Miche, na mwenyewe anasema lile jina la kwenye kitambulisho siku hizi analisikia hospitali tu.

Anauza miche na mbegu za mboga na viungo, zote za kilimo asilia. Yaani ni samadi na mboji, hakuna dawa ya dukani hata tone. Wateja wake wengi ni watu ambao hawajawahi kupanda chochote maishani. Na jamani, ana sharti moja ambalo huwezi kulisogeza hata kwa winchi.

Mteja wa kwanza leo ni baba wa makamo, fulana imepigwa pasi, glavu za bustani mpya kabisa, lebo inaning'inia.

"Shikamoo mama. Nataka nyanya, miche kumi."

"Marahaba mwanangu. Umeshawahi kupanda nini?"

"Bado. Ndiyo naanza."

"Basi nyanya hupati."

"Mama, hela si ninayo?"

"Hela unayo. Nyanya huna."

Fundi viatu anayekaa naye ukuta mmoja anacheka mpaka anaweka nyundo chini. "Na glavu zote hizo, bwana harusi? Mchagua jembe si mkulima."

Mama Miche hacheki. Ameshaanza kumfungia baba wa watu vitu vyake kwenye gazeti. Mchicha kwanza, kwa sababu ndani ya siku chache umeota na mwezi haujaisha unachuma. "Anayeanza anatakiwa ale mapema, moyo ushike," anasema. Halafu kitunguu cha majani, ambacho ukikikata juu ukakiachia mizizi, kinarudi chenyewe. Mbegu za dhania nazo zimo, ila anamwonya azimwage palepale zitakapokulia. "Dhania haipendi kuhamishwa. Inanuna."

Wa mwisho ni mnanaa. "Huu upe ndoo yake peke yake. Una tabia ya mgeni fulani, ukimpa kiti anataka kitanda."

Kabla mteja hajaondoka, anamshika mkono, anamvua glavu moja na kukichomeka kidole chake kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo umegandia, acha, nenda katafute kazi nyingine.

"Mimea ya wanaoanza haifi kwa kiu," anamwambia. "Inakufa kwa kupendwa sana."

Sasa nyanya imekosa nini? Hapo Mama Miche anakaa kabisa kwenye ndoo yake ili ajibu vizuri. "Nyanya ni kesi. Leo majani yamejikunja, kesho yana madoa, kesho kutwa inataka mti wa kuegemea, ukigeuka imetoa vichipukizi kwapani vinataka kukatwa. Haikuachi upumue. Anayeanza ataona mkono wake una nuksi, aache kupanda maisha yake yote. Na mkono wa mtu hauna kosa."

Siku nzuri anauza mpaka miche hamsini, mmoja kwa bei isiyozidi ya kiberiti. Mvua ikinyesha, hata mitano haitoki. Kodi inalipika, unga unapatikana. Tatizo ni kwamba akimfundisha mtu vizuri, harudi. Aliyepata mnanaa mmoja anao wa kugawia jirani. Aliyeacha mchicha utoe mbegu hana cha kununua tena.

"Mimi kiatu lazima kinirudie," anasema fundi viatu. "Huyu dada yangu anauza kitu kinachojizalia. Biashara gani hiyo?"

Hapo ndipo simu inapoita.

Nyundo ya fundi inasimama hewani. Mama Miche anafuta mikono kwenye aproni, anahangaika na fundo la nailoni, anaifikia.

"Haloo? Ndiyo, ndiye mimi... Matundu? Kwenye mchicha? Ni wadudu hao, usiogope. Ponda kitunguu saumu, tia maji na sabuni kidogo, nyunyiza jioni jua likishashuka. Haya. Asante kwa kupiga."

Anaifunga tena simu, mafundo mawili. Fundi anajifanya anatafuta msumari.

"Si yeye," anasema Mama Miche, na hakuna aliyeuliza.

Yeye ni binti yake, mtoto wake wa pekee, anayefanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja mji mwingine. Alipohamia huko, mama alikuwa anampigia asubuhi, mchana na jioni. Umekula? Umefika? Umefunga mlango? Siku moja binti akamwambia kwa upole, "Mama, umenizamisha. Wewe si ndiye unayewafundisha watu kidole?"

"Aliniweza," anasema Mama Miche, na anacheka kidogo. Tangu siku hiyo aliapa hatapiga yeye kwanza. Anasubiri udongo ukauke.

Ila mama ni mama. Akamtumia kifurushi kwa basi, vitu vya kupanda barazani kwake: mchicha, kitunguu cha majani, dhania, kipande cha mnanaa. Binti akarudisha picha moja, ndoo nne za kijani tupu, na maneno mafupi: "Vyote vimeota, mama." Baada ya hapo, kimya.

Chumba chake kiko nyuma ya duka lilelile. Kitanda, jiko, meza, dirisha moja. Mezani kuna vikombe viwili. Kimoja ni cha chai yake. Kingine, chenye maua mekundu, kimejaa maji na vijiti vya mnanaa vinatoa mizizi.

"Hiki kilikuwa chake," anasema. "Kilikuwa kinakaa tu, nikaona bora kifanye kazi."

Na dirishani, hebu sikia hii, kuna miche miwili ya nyanya. Shina nene, majani ya kijani kilichokolea, kila mmoja kwenye kopo lake.

"Hiyo haiuzwi," anawahi kusema.

Wazo ni la fundi viatu, ingawa yeye alidhani anatania. Alimwambia, "Dada, umempelekea mtoto vitu vinavyojilea vyenyewe. Sasa akupigie akuulize nini?" Mama Miche alicheka mpaka mlangoni kwake. Alipofika chumbani akakaa kitandani, na kicheko kikaisha.

Wiki ijayo miche itakuwa na kimo cha kusafiri. Ataipeleka kituoni mwenyewe na kumkabidhi kondakta mkononi.

Na lile sharti la anayeanza?

"Sharti ni la wateja."

Atamwandikia maelezo ya kuilea?

"Hata mstari mmoja. Namba yangu anayo."

Anachomeka kidole kwenye kopo la kwanza, anakitazama, kimetoka na udongo. Anaiacha miche bila kuimwagilia na kurudi nje kwenye kazi, mkono uko mfukoni mwa aproni. Mlangoni anageuka kuitazama tena.

"Siombi ife," anasema. "Iugue kidogo tu."