R ya Rukia

Juzi nilikuwa harusini Chanika, mwenzangu. Nyuma ya maharusi kulikuwa na herufi mbili kubwa za dhahabu zimekumbatiana, na nembo hiyohiyo ipo kwenye keki, kwenye kadi, mpaka kwenye chupa za maji. Aliyeibuni ni mjukuu wangu, anayesomea kazi hizo za kompyuta. MC akamtaja kwa jina, asimame, watu wampigie makofi. Nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kisha nikakaa, hasira ikanipanda. Si kwake, jamani. Ni hasira yangu ya utotoni, Temeke.

Mie darasa la pili ndilo langu la mwisho. Nikawekwa kwa jirani yetu, fundi wa kudarizi, nijifunze kazi ya mikono. Asubuhi namfagilia uwanja, namkunia nazi, namchambulia mchele. Mchana, harufu ya maandazi ya nyumba ya pili ikitutesa, ndo tunakaa barazani na vitambaa. Enzi hizo bi harusi haendi kwa mumewe bila foronya zenye herufi zao wawili. Kalamu yetu ilikuwa kipande cha sabuni kilicholika. Mdomo wa kikombe unakupa duara. Kibiriti kinakupa pembe nne. Kunja karatasi kama sambusa, una pembe tatu. "Herufi zote zimo humo," fundi alikuwa akisema. O ni kikombe. A ni sambusa iliyofungwa mkanda. B ni fimbo yenye matumbo mawili. Kufundisha alijua yule mwanamke, siwezi kumnyima hilo.

Siku moja akaniachia foronya za Rukia, binti wa mtaa wa nyuma aliyekuwa anaolewa na Ally, yeye akaenda Kariakoo kununua nyuzi. "Anza na herufi ya Rukia," kaniambia. Sasa sie nyumbani ni watu wa Kusini, R kwenye ulimi wetu haikai. Kwetu yule dada alikuwa Lukia toka nimepata akili. Nikashona L. Nzuri, imenyooka, uzi mwekundu, kila foronya.

Fundi karudi, kaangalia, kaangua kicheko mpaka mtandio ukamdondoka. "Jamani njooni! Kesho anaolewa Lukia! Hawa watani zangu wa Kusini R zote wamezimeza njiani!" Majirani wakajaa, wanacheka, mie nalia. Kicheko kilipokwisha ndo akakumbuka kuwa harusi kweli ni kesho. Kufumua haiwezekani, kitambaa kitabaki matundu matupu. Akakaa, kashika tama.

Nikachukua sabuni na kikombe. Juu ya fimbo ya L nikachora nusu duara. Ule mguu uliolala nikauacha uwe sakafu, juu yake nikasimamisha sambusa ya Ally, ncha ikagusa tumbo la nusu duara. Ubavu wa kulia wa A ukawa ndio mguu wa R. Ukitazama unaona Rukia. Ukitazama tena, Ally yumo ndani. Fundi akavuta kigoda, tukashona wote mpaka magharibi.

Kesho yake harusini wanawake wakawa wanazipitisha foronya mkono kwa mkono. "Fundi, hii umeitoa wapi?"

"Imenijia tu kichwani."

Na mie nimesimama palepale na birika la kunawishia! Nikasema, "Ni mie!" Mama akanifinya mkono. "Nyamaza. Unamuumbua mtu mzima?" Nikanyamaza. Tokea hapo mtaa mzima ukataka "herufi za fundi".

Baraza ile wamebomoa, wamejenga fremu za maduka. Hakuna tena anayeanika foronya za harusi watu wapite wazitazame. Shuka zinatoka dukani na maua ya mashine. Fundi naye kafa. Msibani kwake wakasimulia alivyobuni R yenye A ndani yake, wakamsifu, mie nipo mkekani nimebana midomo. Nani atabishana na maiti? Rukia naye katangulia. Waliokuwepo barazani siku ile wamekwisha, na foronya zenyewe bila shaka ziliishia kuwa madekio. Wanangu wananiambia, "Mama, msamehe, ya zamani hayo." Zamani ya nani? Alichochukua hakukirudisha. Shahidi sina, nina wewe tu unayesoma. Basi sikia: herufi zile nilizibuni mie.