Banjo Iliyokatwa Shingo

Simu ilinikuta sokoni Newtown nachagua viazi: mpiga banjo wetu amefariki dunia. Aliyenipigia ni katibu wa kanisa letu, lile la ghorofa ya tatu katikati ya jiji, na kabla sijasema pole akaniagiza risala. "Andika kwamba kanisa lilimpenda sana." Lilimpenda! Nilicheka mpaka muuza viazi akanitazama vibaya. Risala hiyo sikuiandika. Naandika hii.

Mzee huyu alikuwa kijana kule Katanga okestra za jazi zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza, wanaume kumi na wawili wamefunga tai, na banjo yake ndiyo iliyoshika mwendo wa wote. Hapa Johannesburg alilinda magari Braamfontein miaka na miaka, akirushiwa funguo bila hata salamu. Alitaka kitu kimoja tu: apige banjo kanisani kabla hajafa. "Wimbo moja tu, Mungu asikie na Yeye," aliniambia.

Wazee wa kanisa tukakaa kikao, maana nami ni mzee wa kanisa, ole wangu. Ikasemwa kwamba banjo ni chombo cha baa. Haya yalisemwa mbele ya kinanda chetu cha umeme, chenye kitufe cha disko ambacho hubonyezwa kila Jumapili! Ndipo mwenyekiti akapata akili, ile akili ya watu wa semina. Akasema sehemu ya duara yenye ngozi ni tari, na tari ni chombo kitakatifu tangu enzi za manabii. Cha dunia ni ile shingo na nyuzi zake. Akamgeukia mzee: "Papa, tukiondoa hii shingo, chombo kinaokoka." Seremala akaleta msumeno. Mzee mwenyewe alishikilia banjo isiteleze, na tulipomaliza tukapiga makofi. Nilipiga na mimi. Tangu siku hiyo kwaya ililipiga lile tari nje ya mwendo, naye akikaa benchi la nyuma akitazama viatu vyake.

Namdharau mwenyekiti, hilo halina mjadala. Mungu anisamehe, hata marehemu nilimdharau kidogo, nikamwuliza kwa nini hakukataa. Akanijibu, "Sasa nikikataa, nani atanizika?" Huo ndio ugonjwa wetu sisi tuliohamia mji wa watu: tunaogopa kufa bila watu wa kutuzika kuliko tunavyoogopa kuishi bila kuwa watu. Na walio na kamati wanaujua woga huo vizuri mno.

Basi tulimzika, na tulimzika vizuri. Tari liliwekwa juu ya jeneza, na mwenyekiti akalia machozi kabisa, akamwita "mwanamuziki wetu". Binti wa marehemu akaja na kitu alichokikuta chini ya godoro la baba yake: shingo ya banjo, imepakwa mafuta, nyuzi zote zimezungushwa kwa adabu. "Eish, ndugu," mwenyekiti akaninong'oneza, "hicho kijiti ni cha nini?"

Nilikichukua nikakilaza jenezani kwa mkono uleule uliopiga makofi. Funzo ni fupi, na nalianzia kwangu: mtu akikuomba wimbo mmoja, mpe wimbo mmoja. Jeneza hata manispaa ingempa.