Nailoni Katika Shimo la Makumbi

Mie nikisikia mtu anasema watu wa zamani hawakuwa wanachafua bahari, hucheka. Tulikuwa tunatupa kila kitu: magamba ya samaki, majivu, maganda ya mihogo. Ila vyote vilikuwa vinaoza, na kwa hilo hatustahili sifa yoyote.

Kwetu Kawe, miaka ile ya Ujamaa, wanawake walikuwa na mashimo yao ufukweni, pale maji yanapofika na kurudi. Humo walifukia makumbi ya nazi, wakayakandamiza kwa matope na mawe, wakayaacha miezi mpaka yalainike. Ukiyafukua yananuka, usiulize. Unayaponda kwa rungu, unapata nyuzi za usumba, unasokota kamba. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe, na kugusa la mwenzio ilikuwa aibu kuliko kuiba kuku.

Mwaka mmoja dada yangu alichumbiwa na karani wa Mwananyamala, mtu wa bara. Godoro lilikuwa halipatikani. Kwenye duka la ushirika hata sabuni tulipangia foleni. Lakini hata lingepatikana, kwetu bibi harusi hulalia kitanda cha kamba alizosokota mama yake mwenyewe. Mama asiyesokota husemwa mpaka anaingia kaburini. Basi mama akakusanya makumbi mazuri kuliko yote, mengine akaomba kwa majirani, yote kwa ajili ya kitanda hicho.

Msimu uliopita mawimbi yalikuwa yamemfukulia shimo na kumchukulia nusu ya makumbi, na safari hii hakutaka mchezo. Baba, aliyekuwa kibarua kiwandani, akamletea karatasi kubwa la nailoni lililofungiwa mashine mpya. Lilikuwa nene, linang'aa, na pembeni lina picha nyekundu ya mwavuli. Sie watoto tuligombania kuligusa. Mama akasema hiki ndicho kitu cha kisasa. Akayafunga makumbi yote ndani yake, pembe akazipiga mafundo mawili mawili, akafukia. Miezi ile alitembea ufukweni kama mke wa waziri.

Siku ya kufukua, harusi imeshakaribia, wenzake walikuja kutazama. Mama akafungua fundo moja. Makumbi yalikuwa magumu vilevile, kama yalivyoingia. Bila maji ya bahari kuingia na kutoka, kumbi halilainiki, na lile karatasi halikuruhusu hata tone. Mwavuli ulikuwa unatuambia hivyo tangu mwanzo. Sie tulidhani ni pambo.

Jirani mmoja akasema, "Shoga, uliyafukia au uliyahifadhi?"

Wakacheka, na mama akacheka nao, kisha akakaa mchangani akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mama analia. Nililichukia karatasi lile siku hiyo, na nalichukia mpaka leo.

Dada, naye na haraka zake, akasema, "Mama, si tununue tu kamba ya nailoni?"

"Nailoni imenitosha, mwanangu."

Akalikunjakunja akalitupa majini. Kesho yake bahari ilikuwa imelirudisha karibu na shimo lake. Akalitupa tena, likarudi tena. Mwishowe akalizika chini kabisa ya shimo lile, akapanga mawe juu, akasema lioze huko.

Wale waliocheka ndio waliomwokoa. Kila mmoja alifukua shimo lake akaleta fungu la usumba, bila kuombwa. Mama akasokota mpaka viganja vikachubuka, kitanda kikawambwa kwa kamba za rangi mbalimbali. Shemeji alipoambiwa kinaitwa teremka-tukaze, kwa kuwa kamba zikilegea sharti ushuke zikazwe, alidhani anataniwa. Tangu hapo wanawake wakawekeana sharti: kisichooza hakizikwi ufukweni, na ukikikuta kimeletwa na maji, ondoka nacho.

Sharti hilo limeondoka na wao. Siku hizi nikiteremka ufukweni na wajukuu tunaokota chupa na mifuko, nao wananiita bibi wa jalala. Waite tu. Nawaambia kuokota ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutoka nyumbani na kikapu chako na chupa yako ya mafuta, kama tulivyokwenda dukani enzi zile. Hatukufanya hivyo kwa wema, mifuko ilikuwa haipo.

Juzi mmoja wao alishika kitu mchangani akawa anakivuta, hakiishi. Nikauona mwavuli. Umepauka kidogo tu, na kwenye pembe moja fundo la mama lipo, limekaza.

Kamba za kitanda cha dada zilishaoza, tukawamba nyingine, nazo zikaoza. Mama tulishamzika, na kaburi lake limetitia. Nikalipeleka karatasi kwa dada. Tulikaa uani tukaliosha, na hakuna aliyethubutu kulifungua lile fundo. Kisha akaniuliza tukalitupe wapi.