Siku Bajaji Yangu Ilipomeza Jenereta la Wakwe

Jamani, aibu niliyoipata ukweni Liuli bora niwasimulie mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa mjomba akiitia chumvi.

Mimi ni fundi umeme Mbinga mjini, nina bajaji ya umeme na kifaa nilichokiunda kwa mikono yangu: umeme ukiwepo kinachaji betri ya bajaji, ukikatika kinautoa kwenye betri na kuurudisha ndani ya nyumba, chenyewe, bila mtu kugusa swichi (majivuno yakaanzia hapo). Basi siku ya kwenda kumposa Veronika nikaamua kwenda nacho, niwashangaze wakwe.

Tunafika, umeme umekatika, jenereta la baba yake mdogo linaunguruma, spika zinapiga. Nikachomeka kifaa kwenye soketi ya nyumba harakaharaka, nikaketi mkekani kimya, maana siku hiyo muoaji hafungui mdomo, anasemewa na mshenga, na mshenga wangu ndiye mjomba, mkulima wa kahawa wa Matiri.

Sasa, kule karakana nilikijaribu kwa umeme wa gridi tu, kikomo cha kuvuta umeme sikukiweka. Kifaa kikahisi umeme wa jenereta, kikadhani gridi imerudi, kikavuta kwa pupa mpaka jenereta likakohoa na kuzima. Kidogo tu kikageuka, betri ikawasha spika, vigelegele! Baba mdogo, asiyejua hili wala lile, akavuta kamba kuliwasha tena, bajaji ikalinywa tena, likazima tena. Kila Veronika akitoka akicheza, muziki unakata, shangazi zake wanamrudisha ndani.

Nikamnong'oneza mjomba, "Waambie wasiliwashe jenereta, kifaa kinalinywa."

Mjomba akasimama na heshima zake zote. "Wakwe zetu, kijana anasema jenereta lenu halimtoshi."

"Halimtoshi?" Baba mdogo akavuta kamba kwa hasira, moshi ukaanza kutoka.

Nikaruka. "Baba, acha! Kosa ni langu!" Nikachomoa waya. Uwanja mzima ukanigeukia. Muoaji kaongea! Nikajua Veronika ndiyo basi tena, nikatamani ardhi ipasuke.

Bibi yake akanitazama weee, kisha akasema, "Mdomo si umeshaufungua? Haya, sema mwenyewe, umefuata nini?"

"Shikamoo bibi," nikasema, jasho linanitiririka. "Nimemfuata Veronika. Nampenda."

Bibi akacheka mpaka kitenge kikamlegea, akina mama wakaanza kuimba kwa sauti zao wenyewe, na Veronika akatoka anacheza, safari hii hakuna aliyemrudisha.

Kifaa nimeshakiwekea kikomo, na swichi ya mkono juu yake. Lakini naapa, siendi tena ukweni na kitu kinachojiamulia chenyewe, wakati mimi mwenyewe siruhusiwi kusema neno.