Balbu ya Mwisho ya Mama Griffins

Saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, Dorca Odongo, Mama Griffins kwa wanaomjua, anafunga mlango wa kibanda chake cha mabati pale mtaani Nyalenda, ingawa joto ndani limeshaanza kupanda. Hataki mteja wa chaja amsumbue. Anavuta droo, anatoa soksi nyeusi, na ndani ya soksi anatoa balbu.

Ni balbu ya zamani, ya nyuzi, wati mia moja. Madukani zimejaa zile nyeupe za kuokoa umeme, na kwa kazi hii hazifai. Hii ndiyo ya mwisho aliyo nayo.

Mbele yake kuna sanduku la chuma la kijani, zito kama mtungi wa gesi uliojaa. Ni redio ya jeshi ya kupokelea mawasiliano, iliyoundwa zaidi ya miaka sabini iliyopita. Ni ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa.

Redio ya namna hii ikilala miaka mingi haichomekwi ukutani moja kwa moja. Stima hupitishwa kwanza kwenye balbu. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia mpaka ikawa nyekundu, redio ni nzima. Ikikataa kufifia, basi ndani kuna ugonjwa.

Dorca, mwenye umri wa miaka 56, anabonyeza swichi.

Balbu inawaka. Anahesabu kwa midomo, bila sauti. Kumi. Ishirini. Anazima, anangoja, anawasha tena. Kibanda kizima kinang'aa mpaka kwenye pembe zenye utando wa buibui.

"Yawa," anasema polepole. "Imekataa."

Anakaa kwenye kreti ya soda na kuiangalia. Alikuwa amejiwekea sharti: hii ikiongea, zile redio saba zilizopangwa ukutani haziuzwi. Ikinyamaza, Jumamosi zinaondoka.

Kazi hii aliirithi kwa baba yake, marehemu Mzee Odongo, aliyekuwa fundi wa mitambo jeshini. Alipostaafu, mzee alirudi nyumbani Pap Onditi na redio moja aliyoinunua kambini, vitu vya zamani vilipokuwa vinaondolewa. Kaka zake Dorca hawakuwa na subira ya kushika tochi. Yeye alikuwa nayo.

"Nilimaliza darasa la saba, karo ya sekondari haikupatikana," anasema. "Basi nikakaa karibu na baba. Alikuwa akiniambia, tia mkono mmoja ndani, mwingine weka mfukoni, usije ukakutana na stima mikono miwili."

Mpaka leo akifungua redio, mkono wake wa kushoto huingia wenyewe kwenye mfuko wa aproni.

Redio nyingine alizikusanya moja moja, kwa wastaafu na kwa wajane wao. Nyingine ilikuwa imekuwa kabati la sukari. Nyingine mende walikuwa wamekula kitambaa cha waya zote. Kulikuwa na miaka ambayo nne kati ya hizo zilikuwa zikiongea, na wazee walikuja kusikiliza, wakibishana ni nchi gani hiyo.

Halafu miaka mitano iliyopita, mchana mmoja, stima ilipotea na kurudi kwa kishindo. Dorca alikuwa ameenda mazishini. Ile ya baba yake ilikuwa imewashwa ikilia pamoja na nyingine tatu. Transfoma zote nne, vile vyuma vya ndani vinavyobadili nguvu ya stima, ziliungua. Tangu siku hiyo kibanda hakijasikia sauti ya redio ya valvu.

Zinazomlisha sasa ni chaja za simu na spika za vilabuni. Siku njema anapata shilingi mia nne. Siku nyingine mia moja, na kibanda kinadai 2,500 kila mwezi.

Ndipo akatokea Tom, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, anayepamba hoteli mpya mjini. Alizipiga picha redio zote saba. Alisema atatoa 6,000 kwa kila moja.

"Lakini hazilii," Dorca alimwambia.

"Mama, zilie za nini? Sisi tunataka sanduku tu. Ndani tutatia taa na spika ya bluetooth. Wageni watapenda sana."

"Na valvu?"

"Hizo utakaa nazo. Ama utupe."

Dorca aliomba apewe mpaka Jumamosi. Kwa miaka mitano alikuwa akitafuta redio ya aina ile ile ya baba yake, yenye transfoma nzima. Na Jumatatu iliyopita, Abeid alikuwa amepiga simu kusema ameipata.

Abeid ananunua vyuma chakavu Obunga. Zamani redio za namna hii alizipima kwa kilo na kuzivunja kwa nyundo apate shaba. Dorca alimsihi mpaka akawa anamwekea. Hii vijana wake waliipata Pap Onditi, kwa marehemu askari mmoja, na kuku alikuwa ameifanya kiota.

Jumanne akaileta mwenyewe kwa mkokoteni, anacheka tangu mbali.

"Mama Griffins! Leo utanipikia samaki. Tazama mali hiyo!"

Ilikuwa inameremeta. Hakuna kinyesi cha kuku, hakuna vumbi hata kwenye tundu za skrubu.

"Baba Rehma," Dorca aliuliza, "nani ameipangusa hivi?"

"Kupangusa? Wallahi tumeiogesha! Nilisimama mwenyewe. Maji ndoo tatu, sabuni ya unga, brashi mpaka ndani. Nikasema Mama Griffins haletewi kitu chenye mavi ya kuku."

Transfoma ya zamani imezungushiwa karatasi ndani, na karatasi hunywa maji; ikilowa, balbu haififii. Dorca anajua hivyo tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Alimtazama Abeid, na jasho lililokuwa likimtiririka kwa kusukuma mkokoteni.

"Asante sana," alimwambia. "Umejisumbua."

Aliianika juani siku mbili. Ilihitaji wiki tatu, lakini Jumamosi haikuwa mbali.

Jumamosi inafika. Tom anakuja na pikapu na vijana wawili, na anasimama ghafla mbele ya ile iliyoogeshwa.

"Hii ndio kali! Hii lazima. Rafu yetu ina nafasi saba."

"Ziko nane sasa," Dorca anasema. "Chukua hii, uniachie moja."

"Gani?"

Anaonyesha ile ya baba yake, iliyokwaruzika, mpini umefungwa kwa waya. Tom anaitazama mara moja. "Hiyo baki nayo tu, mama. Imechoka."

Asubuhi nzima Dorca amekuwa akizitoa redio matumbo. Valvu amezifunga kwa magazeti, moja moja, kama mayai. Vijana wanabeba masanduku mawili mawili, na mmoja anashangaa kwa sauti: "Kumbe ni nyepesi hivi!"

Dorca anawapisha mlangoni. Ukutani zimebaki alama sita safi, za mraba, ambapo moshi wa risasi ya kulehemu waya haukufika.

Pikapu inapoondoka, anachukua debe tupu la mafuta ya kupikia, anatia ndani transfoma iliyokunywa maji, na juu yake ananing'iniza balbu ile ya nyuzi, ili joto lake liikaushe. Anawasha. Anafunika kwa gunia. Itakaa hivyo mchana na usiku kwa wiki tatu, stima ikikubali, na balbu isipokatika kwanza.

Ikikauka, ataifunga kwenye redio ya baba yake. Balbu ikikatika, hatakuwa na kitu cha kukaushia wala cha kupimia.

"Sitaki kusikia nchi yoyote," anasema. "Stesheni zenyewe zinaisha. Nataka tu ule mvumo, kabla ya sauti. Ukinijia hata mara moja, inatosha."

Simu inalia. Ni Abeid.

"Mama Griffins, vipi? Imeimba?"

Dorca anainua pembe ya gunia, anachungulia mwanga, anaishusha.

"Bado inakauka, Baba Rehma."