Sirudii Kidato kwa Sababu ya Kombe

Nakumbuka siku hiyo kama ya juzi, mwanangu, na kusema kweli ilikuwa ya juzi, maana mimi mzee wako niko Kidato cha Nne na meno yangu yote bado yapo. Usicheke. Katika shule ya bweni mtu huzeeka haraka. Nimekula githeri ya hapa, mahindi na maharagwe, mpaka wadudu wake wananijua kwa jina, na siku mlipofika nyinyi wa Gredi ya Kumi na masanduku yenu yanayong'aa, nilijiona kabisa nimekuwa shosho, bibi kizee. Kwa hivyo kaeni chini. Nyinyi warefu hasa, ambao Kocha alishawapima kwa macho pale getini kabla hata hamjasalimia mtu, sogeeni karibu. Haya maneno ni yenu.

Ilikuwa mwisho wa mwaka jana, Kidato cha Tatu kikielekea kufungwa. Kocha wetu, Mwalimu Rotich, aliniita kando ya uwanja wa basketi huku akizungusha filimbi yake kidoleni.

"Nekesa," akasema, "nimekupangia mambo makubwa. Mwaka ujao hutaenda Kidato cha Nne. Utarudia Kidato cha Tatu, ukomae vizuri."

Nikamwuliza kama nimefeli.

"Nani amesema umefeli? Umri wako unakuruhusu. Ukirudia, nakuwa na wewe misimu miwili badala ya mmoja. Mwaka ujao tunafika fainali za kitaifa, mwaka unaofuata tunachukua kombe."

Kama umetoka shule ambayo michezo ni ya kunyoosha viungo tu, labda hujui mambo haya. Katika shule zinazopenda kombe kama yetu hii ya upande wa Rongai, mchezaji mzuri hamalizi shule haraka. Anawekwa, kama nguo ya Krismasi inavyowekwa kabatini ili ivaliwe tena. Wenzake wanasonga mbele, yeye anarudishwa nyuma, mradi hajapita umri wa mashindano. Hakuna anayeliita jambo hilo kurudia. Linaitwa kukomaa. Sijawahi kusikia mtoto wa mwalimu akikomaa, lakini tuyaache hayo.

Na mimi, mwanangu, nilifurahi. Nilirudi bwenini kifua mbele nikawaambia wenzangu kwamba shule haiwezi kuniachilia. Nilidhani hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ndoto yangu ilikuwa moja tu tangu nianze kushika mpira: kwenda kucheza basketi chuo kikuu kule Marekani, wanilipie masomo, nimnunulie mama cherehani ya umeme. Nikaona kombe la taifa ndilo tiketi. Nani atamkataa msichana mwenye kombe?

Tulipofunga shule nikaenda nyumbani, Lanet. Nyuma ya nyumba zetu kuna uwanja wa simenti uliopasuka, na ringi moja isiyo na wavu ambayo wavulana wa mtaa waliichomelea wenyewe, ikakaa upande kidogo. Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa hapo nikirusha mpira, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Niaje, kadogo. Nasikia unakomaa."

Alikuwa Atieno. Sisi wote tulimwita Mnara. Nilipoingia Kidato cha Kwanza ndiye aliyekuwa nahodha, na tulikuwa tukiwaambia wageni kwamba anagusa ringi bila kuruka. Uongo, lakini si uongo mkubwa. Sikuwa nimemwona tangu amalize shule. Alikuwa amekuja kumtembelea shangazi yake, jirani yetu, na mikono yake ilikuwa na mikwaruzo midogo midogo mpaka kwenye viwiko.

"Mnara! Ulipigana na paka?"

"Nilipigana na waridi. Niko Karagita, nafanya kazi kwa shamba la maua. Wameniweka pakihausi, pale maua yanapofungwa. Unajua kwa nini wananipenda? Hakuna mwingine anafikia maboksi ya juu bila ngazi."

Akacheka, mimi nikacheka. Kisha akaacha kucheka, nami nikabaki nikicheka peke yangu.

"Kocha amekuambia mwaka mmoja tu?" akauliza.

"Mmoja tu."

"Hata mimi aliniambia mmoja tu. Akaniambia mara mbili."

Tukakaa kwenye simenti akanisimulia. Alirudia Kidato cha Pili, akarudia na cha Tatu. Kombe walichukua, na picha yake bado imetundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kocha mmoja wa chuo cha Marekani alimwona kwenye fainali, akamtafuta, wakaongea kwa simu wakionana nyuso. Yule mama, maana alikuwa mwanamke, alikuwa mchangamfu sana. Akamwuliza alama za hesabu, Atieno akamwambia si mbaya. Akamwuliza za Kiingereza, akamwambia ni nzuri. Halafu akamwuliza aliingia Kidato cha Kwanza mwaka gani.

"Nikamwambia. Nikaona anahesabu kwa vidole. Akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikasema hapana, nilirudia kwa sababu ya timu. Kadogo, yule mama aliacha kucheka kama mtu ambaye stima zimempotea. Alinieleza polepole kabisa. Kwao ligi wanazocheza zinataka umalize sekondari kwa wakati wake. Ukianza kidato cha kwanza, saa inaanza kuhesabu. Miaka minne. Mtihani unaoufanya baada ya hapo, hata ukipata alama za kushangaza, hawauhesabu."

"Hata ukiwa na kombe?"

"Kombe hakuliuliza. Nilimtajia mwenyewe, akasema hongera."

Nikasema upuzi, kama kawaida yangu. Nikamwambia labda angeficha, aseme tu alianza baadaye. Hapo ndipo Mnara alinigeukia, na mwanangu, mtu mrefu akikukasirikia hata mkiwa mmekaa chini, unajua umekasirikiwa.

"Nidanganye halafu? Wanataka ripoti zangu zote, za kila muhula, na shule ndiyo inazituma. Wewe Nekesa una mdomo wa kuchekesha wasichana bweni nzima, lakini mbele ya Kocha unakuwa bubu. Kombe liko wapi? Liko kwa kabati ya shule. Kocha yuko wapi? Yuko uwanjani na wewe. Mimi niko wapi? Karagita, nashusha maboksi. Hakuna mtu alinishika mkono kwa nguvu. Niliulizwa, nikasema sawa mwalimu, asante mwalimu. Usiseme sawa."

Kabla ya kuondoka alinipa namba ya yule mama wa Marekani. Nilimwandikia usiku huohuo kwa simu ya mamangu. Alijibu kwa ufupi: nimalize na wenzangu nilioanza nao. Nifanye vizuri hesabu, Kiingereza, sayansi, na somo moja la jamii kama historia au jiografia. Nimtumie video nikicheza. Hakuahidi kitu. Ila nilimwonyesha mama ujumbe ule, tukausoma pamoja mara nyingi, kama watu wanaotafuta mahali palipoandikwa ndiyo.

Shule ilipofunguliwa, mama alivaa ile leso yake ya mikutano tukaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Kocha alikuwapo. Mama yangu ni fundi wa nguo, mtu wa upole, na mbele ya walimu upole huo huwa mara mbili, kwa sababu shule ndiyo inayonilipia karo kwa ajili ya mpira.

"Mama Nekesa," Kocha akaanza, "sisi tunamjenga mtoto wako."

"Tunashukuru sana, mwalimu," mama akasema.

"Mwaka mmoja tu."

"Tunashukuru."

Nikaona tunashukuru zikiendelea nitajikuta nimerudia mpaka chekechea. Nikasimama.

"Mwalimu, mimi sirudii."

Kocha akatabasamu, kama mtu aliyesikia mtoto mdogo akisema atakuwa rubani. "Nani anakulipia karo, Nekesa?"

"Ni shule, mwalimu. Nami nitaichezea shule mwaka huu, nitacheza mpaka viatu viongee. Lakini nitacheza nikiwa Kidato cha Nne, na mwisho wa mwaka nafanya mtihani na wenzangu. Kama karo ni ya kuninunulia mwaka wa pili wa Kidato cha Tatu, basi hiyo karo ikae."

Mama alinikanyaga mguu kwa kisigino. Mwalimu mkuu akavua miwani. Kocha akamgeukia mama ili amalizane na mtu mwenye akili.

"Mama Nekesa, unamsikia mtoto wako?"

Mama akatengeneza leso yake taratibu. Nilijua anatafuta tunashukuru nyingine. Hakuipata.

"Nimemsikia, mwalimu," akasema. "Na Atieno wa jirani yangu pia nimemsikia. Huyu akae darasa lake. Mkikata karo, nitashona."

Hawakukata. Mwalimu mkuu hakutaka habari za Atieno zifike kwa wazazi wengine, akasema niendelee Kidato cha Nne, mambo ya uwanja nipatane na Kocha. Na Kocha alipatana nami kwa njia yake. Aliniweka benchi. Msimu wote wa muhula wa kwanza nililinda chupa za maji, mtu mrefu kuliko wote kwenye timu. Kwenye mechi ya kuamua nani aende kaunti, tulipigwa na shule ambayo ringi yao ina kutu. Nilimwangalia Kocha, naye akaangalia saa yake. Nililia kwenye basi. Siwezi kukuambia kukataa hakuumi, mwanangu. Kunauma hasa ukiwa umevaa jezi safi.

Lakini kulikuwa na jambo lingine lililobaki, na hili mnalijua, mmeshaanza kulisikia. Filimbi. Kocha akitaka wachezaji hasimami mlangoni kubisha. Anapuliza filimbi kutoka uwanjani, na popote ulipo, hata mwalimu akiwa katikati ya sentensi, unainuka unakwenda. Mara nyingi hulia wakati wa hesabu, kwa sababu hesabu huja baada ya chakula cha mchana na jua ndilo zuri. Ndiyo maana wachezaji wa shule hii hufika Kidato cha Nne wakijua pembe tatu kama jina la sambusa.

Juma moja baada ya kupigwa, filimbi ililia. Madamu Wanjiru, mwalimu wetu wa hesabu, alikuwa ubaoni akitufundisha logi. Akasimama na chaki hewani, akingojea tutoke, kama alivyozoea. Darasani tulikuwa wachezaji watano. Mimi sikuinuka. Niliandika tarehe upya juu ya ile niliyokuwa nimeshaiandika.

Filimbi ikalia tena, ndefu. Akinyi, playmeka wetu anayepanga mchezo, akaniangalia.

"Wee, si anatuita?" akaninong'oneza.

"Anaita. Mimi nafanya logi."

"Atakuweka benchi."

"Kwani sasa hivi niko wapi?"

Akinyi akazuia kicheko, akakaa. Wengine watatu walikuwa wameshainuka nusu, makalio hewani, wakatuangalia, kisha mmojammoja wakarudi vitini. Filimbi ikalia mara nyingine, fupi, kama swali. Nilisikia viatu vikija kwenye veranda. Kocha akasimama mlangoni, uso umejaa jua.

"Hamsikii?"

Mimi ndiye mwenye mdomo, kwa hivyo nikasimama.

"Tumesikia, mwalimu. Saa za michezo zikifika tutakuja tukikimbia."

Akamwangalia Madamu Wanjiru. Madamu naye akamwangalia yeye, na katika miaka yangu yote hapa sijamwona akimwangalia mtu hivyo. Akaugeukia ubao.

"Endeleeni na swali la pili," akasema. "Mwalimu Rotich, tafadhali, unaniziba mwanga."

Alasiri ile, kengele ya michezo ilipolia, tulifika uwanjani kabla yake. Alitukimbiza mizunguko mpaka Akinyi akatapika. Tukaimaliza yote. Siku iliyofuata filimbi haikulia wakati wa hesabu, na mpaka leo haijalia. Anaipenda bado. Anaizungusha tu kidoleni, akiwaangalia nyinyi wa Gredi ya Kumi.

Ndiyo sababu nawaambia. Yule mama wa chuo nimeshamtumia video, nikicheza kwenye ringi ya Lanet iliyokaa upande. Amesema ringi imemchekesha, mchezo umempendeza, sasa anangoja matokeo ya mtihani. Huenda nikapata, huenda nisipate. Lakini nikikosa, nitakuwa nimekosa kwa hesabu zangu mwenyewe, si kwa kombe la mtu.

Mwanangu mrefu, utaitwa kando ya uwanja. Utaambiwa ukomae. Kama wewe mwenyewe umeshindwa na masomo ukataka kurudia ili uelewe, hilo ni shauri lako na wazazi wako, na hakuna aibu. Lakini kama ni kombe linalotaka urudie, kataa. Kataa kwa heshima, ukiita mwalimu mwalimu, lakini kataa kwa sauti ya kusikika, na mzazi wako akiwepo. Ripoti zako za kila muhula zitunze kuliko jezi. Kaa kwenye hesabu hata kama huzielewi, maana ukitoka ndiyo hutazielewa kabisa. Na masharti ya chuo usiulize mtu ambaye anahitaji vikapu vyako. Uliza chuo chenyewe, mapema, kabla saa yako haijaisha. Hata mimi usiniamini sana. Mimi ni mzee wa Kidato cha Nne tu.

Mungu awape urefu na akili viende sambamba. Awape walimu wanaogeukia ubao. Awape mama wanaoishiwa na tunashukuru siku inayofaa. Na filimbi ikilia saa isiyo yake, awape makalio mazito.